Unanunua nyumba kwa kufuata shule ya umma? Tuzungumze kabla hujasaini

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Anayetafuta nyumba huku ana mtoto hukwama palepale. Mtaa huu shule yake ya umma inasifiwa ila nyumba ni ghali, mtaa ule nyumba ni nafuu ila shule yake haitajwi kwa wema. Akiuliza ushauri anapata majibu mawili. Wapo wanaosema elimu ya mtoto haina bei, jibane ununue penye shule. Wapo wanaosema mtoto mwenye akili anafaulu popote, usitupe hela. Naona wote wameliruka swali la kwanza: hiyo shule "nzuri" umejuaje kuwa ni nzuri?

Kwa wengi jibu ni wastani wa ufaulu. Mtu ameangalia orodha ya matokeo, akaona shule imepewa 9 kati ya 10, akaridhika. Tatizo ni kwamba wastani wa ufaulu umechanganya mambo mawili ndani ya namba moja: watoto wameingia pale wakiwa wanajua nini, na shule imewaongezea nini. Wachukue watoto ambao wazazi wao wamesoma, nyumbani kuna vitabu, jioni kuna mtu wa kuwasimamia, uwapeleke kwenye shule ya kawaida kabisa. Wastani wa ile shule utapanda, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyebadilisha anavyofundisha.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1966 nchini Marekani ilitoka ripoti ya James Coleman iliyopima wanafunzi zaidi ya nusu milioni. Ilionyesha kwamba tofauti za matokeo zilifungamana zaidi na hali ya familia za watoto, na pia na aina ya wanafunzi wenzao, kuliko na majengo au vifaa vya shule. Ripoti ile imebishaniwa kwa miongo kadhaa, hasa upande wa walimu, na nitarudi hapo. Ila somo moja limebaki: usisome matokeo ya shule kabla hujauliza ni watoto gani wanaoingia.

Sasa njoo kwenye bei. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alifanya jambo zuri sana kwenye vitongoji vya Boston. Badala ya kulinganisha mtaa wa matajiri na mtaa wa maskini, alilinganisha nyumba zilizo karibu na mpaka wa shule, hii upande huu, ile upande wa pili. Barabara ileile, maduka yaleyale, usalama uleule, tofauti ni shule tu. Akakuta kwamba alama za mtihani zikipanda kwa 5%, wazazi wako tayari kulipa kama 2.5% zaidi kwa nyumba. Kwa hiyo wanaosema shule inaingia kwenye bei ya nyumba wako sahihi. Ila ni kidogo kuliko unavyoambiwa, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati ya mtaa na mtaa ni mambo mengine.

Utafiti uliofuata England, wa Gibbons, Machin na Silva (2013), ndio ulionifungua macho. Wao walitenganisha yale mambo mawili, yaani uwezo ambao watoto wameingia nao na kile ambacho shule imewaongezea. Wakakuta soko linalipia vyote viwili kwa kiwango kinachokaribiana, takriban 3% kwa kila hatua moja ya kawaida ya tofauti kati ya shule. Tafsiri yake kwa mnunuzi ni nzito: sehemu ya hela unayoongeza inalipia kazi ya walimu, na sehemu nyingine inalipia majina ya familia zilizotangulia kuingia.

Msimamo wangu ni huu. Shule ihesabiwe, na ihesabiwe kwa uzito. Lakini lipia kile shule inachomwongezea mtoto. Ukilipia sifa tu, utapata sifa.

Karibuni tuchambue.

#2 Mama_Wawili

Asante kwa uzi huu, umenikuta katikati ya jambo lenyewe. Mimi na mume wangu tuna uwezo wa nyumba ya vyumba viwili kwenye eneo la shule inayosifiwa, au ya vyumba vinne mbali kidogo ambako shule ni ya kawaida. Mdogo ana miaka 4, mkubwa ana 14. Mume wangu anasema tuhamie penye shule haraka. Je, umri wa watoto unabadilisha kitu?

#3 Mleta uzi

Dada, umri unabadilisha sana.

Kuna jaribio liitwalo Moving to Opportunity lililofanywa Marekani kati ya 1994 na 1998 katika miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia kama 4,600 zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba za serikali katika mitaa yenye umaskini mkubwa ziligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi zikapewa hati ya kusaidiwa kodi ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo, nyingine hazikupewa. Mwaka 2016 Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walifuatilia watoto wale walipokuwa watu wazima. Waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na kipato cha juu kwa 31% walipofika katikati ya miaka yao ya ishirini. Waliohama wakiwa wamevuka 13 hawakupata faida hiyo, na dalili zilielekea upande wa hasara kidogo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba faida inatokana na miaka unayoishi pale, na kuhama kwenyewe kuna gharama kwa kijana: rafiki, mwalimu anayemjua, mtaala aliouzoea.

Tahadhari mbili kabla hujaenda na namba hiyo kwa mzee. Kwanza, zile zilikuwa familia maskini sana zilizotoka kwenye mazingira magumu sana, kwa hiyo usiichukue 31% ukaibandika kwenye familia ambayo tayari inachagua kati ya mitaa miwili ya amani. Pili, kilichobadilika kwao kilikuwa mtaa mzima. Shule zenyewe hazikuwa bora kwa kiasi kikubwa kama watu wanavyodhani.

Kwa hali yako, ningeangalia shule ya msingi kwa ajili ya huyo wa miaka 4, maana ana miaka mingi mbele. Huyo wa 14 ningejitahidi amalize alipo, hata kama ina maana ya safari ndefu zaidi kwa muda. Kumhamisha kijana katikati ya masomo ya mtihani ili afuate wastani wa shule ni jambo ambalo siungi mkono hata kidogo.

#4 MwalimuMstaafu

Nimefundisha shule za umma maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa kirefu.

Mleta uzi umesema kweli kuhusu wastani. Nimefundisha shule iliyokuwa juu kwenye orodha na shule iliyokuwa chini. Ile ya chini ndiyo iliyokuwa na walimu waliofanya kazi kubwa zaidi. Watoto waliingia darasa la kwanza hawajui hata kushika penseli, na wakifika katikati wanasoma kwa kujiamini. Orodha haikuonyesha safari hiyo. Ilionyesha tu mahali walipofikia.

Nchi nyingine sasa wanapima hiyo safari. England, kuanzia 2016, shule za sekondari zilianza kupimwa kwa kipimo kiitwacho Progress 8, kinachomlinganisha mwanafunzi na wenzake nchini kote walioanza wakiwa na alama kama zake. Majimbo mengi ya Marekani nayo hutoa takwimu za ukuaji pamoja na za ufaulu. Mahali unaponunua pakiwa na kipimo cha namna hiyo, kianze hicho, wastani ufuate. Na angalia miaka kadhaa kwa pamoja. Shule ndogo ikipata watoto wachache wazuri mwaka mmoja inaruka juu, mwaka unaofuata inaporomoka, na hakuna kilichobadilika ndani.

Pasipo na kipimo, nenda mwenyewe. Usiende siku ya kukaribisha wageni, siku hiyo hata kuta zimefuliwa. Omba siku ya kawaida ya masomo. Mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe madaftari ya darasa la katikati, na uchague mwenyewe kwenye rundo, usipokee lile unalokabidhiwa. Fungua kurasa za mwezi uliopita. Tiki nyekundu tupu ukurasa hadi ukurasa, na makosa yamepitwa, hiyo ni shule inayosahihisha ili imalize. Ukikuta kosa limezungushiwa, pembeni kuna sentensi moja ya mwalimu, na chini yake mtoto ameifanya upya hesabu ileile kwa mkono wake akapata, funga daftari. Umeshaona unachokitafuta. Ukikuta hivyo kwenye madaftari ya watoto wa walimu tofauti tofauti, hiyo shule ina utaratibu, haimtegemei mwalimu mmoja hodari.

Kisha uliza maswali matatu. Katika walimu waliokuwepo miaka mitatu iliyopita, wangapi bado wapo? Mwalimu mkuu ana muda gani hapa? Na watoto wangapi hukosa shule mara kwa mara? Hilo la tatu wazazi hawaliulizi. Marekani wanahesabu mtoto ana utoro sugu akikosa 10% ya siku za masomo au zaidi, na mimi naona ni kipimo cha haki. Darasa lenye utoro mwingi, mwalimu anarudia somo kila wiki, na mtoto anayehudhuria kila siku ndiye anayelipia.

#5 Mkaazi

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana na mengi ila ninayo hoja. Mimi naamini mtoto ni nyumbani. Mzazi akisimamia, mtoto atafaulu shule yoyote. Si ndiyo Coleman mwenyewe alichosema hapo juu? Kwa nini basi nilipe hata senti moja zaidi kwa ajili ya shule?

#6 Mleta uzi

Mkuu, hapo ndipo Coleman anaposomwa nusu nusu, na nilisema nitarudi.

Alilinganisha shule kwa shule. Ila tofauti kubwa zaidi imejificha ndani ya shule moja, kati ya mwalimu wa chumba hiki na mwalimu wa chumba cha pili. Mwaka 2014 Chetty, akiwa na John Friedman na Jonah Rockoff, walichapisha utafiti uliofuatilia zaidi ya watoto milioni 1 tangu darasani hadi utu uzima. Waliofundishwa na walimu wanaoongeza alama zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kwenda chuo na wakapata kipato kikubwa zaidi. Mwalimu ana uzito, na uzito huo unaonekana miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo nyumbani kuna sehemu yake kubwa, sikatai. Lakini mzazi anayesimamia vizuri na mwalimu anayefundisha vizuri hawapunguziani kazi, wanaongezeana. Na wapo wazazi wanaorudi usiku kutoka kazini wamechoka. Huwezi kumwambia mzazi huyo kwamba yote ni juu yake.

Kinachofuata kutokana na hilo ni kwamba swali la MwalimuMstaafu kuhusu walimu kubaki lina thamani kuliko orodha nzima ya matokeo. Mnunuzi hawezi kumchagua mwalimu. Anachoweza ni kuchagua shule ambayo walimu wazuri hawaikimbii.

#7 Kapera

Mimi sina mtoto na kwa sasa sina mpango. Dalali ananisukuma ninunue kwenye eneo la shule nzuri kwa sababu eti nitauza kwa faida. Ni kweli au ananitafutia yeye kamisheni?

#8 Dalali

Kaka, niseme kama mtu wa kazi hiyo. Nyumba iliyo kwenye eneo la shule inayotafutwa huuzika haraka, na soko likidorora hushuka taratibu kuliko nyingine, maana kila mwaka kuna wazazi wapya wenye watoto wa kuanza darasa la kwanza. Hilo ni kweli. Lakini usisahau kwamba ile nyongeza uliilipa wakati wa kununua. Huipati bure, unaibeba na baadaye unaikabidhi kwa mwingine. Faida inakuja pale tu shule inapokuwa bora zaidi baada ya wewe kununua, na hilo hakuna dalali anayeweza kukuahidi.

La pili, na ndilo kubwa: mpaka wa shule haumo kwenye hati ya nyumba. Nimeona matangazo yameandikwa "eneo la shule fulani" kwa sababu tu shule inaonekana kutoka dirishani. Mpaka unaweza kupita katikati ya barabara, nyumba za namba shufwa zikaenda shule hii na za namba witiri zikaenda ile. Kabla hujalipa malipo ya awali, peleka anwani kamili kwenye ofisi ya elimu ya eneo hilo na uombe jibu la maandishi.

#9 Mleta uzi

Dalali amesema jambo linalostahili uzi wake pekee. Mipaka inahama, na unayemlipa nyongeza hawajibiki ikihama.

Angalieni yaliyotokea Beijing. Kwa miaka mingi familia zilinunua vyumba vidogo, vya zamani, kwa bei ya kutisha kwa sababu tu anwani ile ilimpa mtoto nafasi kwenye shule fulani ya msingi. Mwaka 2020 wilaya ya Xicheng ikatangaza kwamba atakayenunua baada ya tarehe 31 Julai mwaka huo nyumba yake haitafungamana tena na shule moja. Mtoto atapangiwa miongoni mwa shule kadhaa za eneo. Aliyenunua baada ya tarehe hiyo anapata nyumba, lakini ile ahadi ya shule moja haipo.

Brighton, huko Uingereza, kuanzia 2008 walianza kutumia bahati nasibu pale sekondari inapopata waombaji wengi kuliko nafasi, ili anayekaa jirani kabisa na lango asiwe na uhakika kumzidi wa mbali kidogo ndani ya eneo lilelile. Kwingine England, shule nyingi hutoa nafasi kwa umbali baada ya makundi yenye kipaumbele kama watoto walio chini ya uangalizi wa serikali na wenye ndugu shuleni. Maana yake hakuna mstari uliochorwa. Umbali wa mtoto wa mwisho aliyepata nafasi unabadilika kila mwaka kulingana na nani ameomba. Ukinunua pembezoni kabisa mwa umbali wa mwaka jana, umenunua matumaini.

Ushauri wangu: eneo likiwa na mipaka iliyochorwa, nunua ndani kabisa, si kwenye ukingo. Uliza kama kuna shule mpya inajengwa karibu au kama shule iliyopo imejaa kupita uwezo, maana hayo mawili ndiyo huleta kuchora upya. Na uiangalie shule ya pili kwa ukaribu, ile ambayo mpaka ukisogea ndiyo mtoto wako ataangukia. Kama huwezi kuvumilia mtoto wako asome hapo, basi nyumba hiyo ina hatari kubwa kwako hata kama leo iko ndani ya mpaka.

Kapera, kwa mtu asiye na mtoto mimi nisingelipa nyongeza yote. Kati ya nyumba mbili zinazolingana bei, chukua ya eneo lenye shule. Ya ghali zaidi kwa ajili ya shule usiyoitumia, mwachie anayeihitaji.

#10 Mpangaji

Wakuu na kodi je? Nimesoma kwamba Marekani shule zinaendeshwa kwa kodi ya majengo ya eneo, kwa hiyo mtaa wa nyumba za ghali unapata shule yenye hela. Hiyo haionyeshi kwamba hela ndiyo shule?

#11 Mleta uzi

Ni kweli sehemu kubwa ya fedha za shule huko hutoka kwenye kodi ya majengo ya wilaya, ingawa majimbo na serikali kuu nazo huchangia. Mwaka 1973, kwenye kesi ya San Antonio dhidi ya Rodriguez, wazazi wa wilaya maskini huko Texas walidai mfumo huo unawabagua watoto wao. Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakatalia kwa kura 5 kwa 4, ikasema katiba ya nchi haitoi haki ya mgawanyo sawa wa fedha za shule. Vita hiyo ikahamia kwenye mahakama za majimbo. Nikisoma habari hiyo inaniuma hadi leo, maana mtoto hakuchagua mtaa wa kuzaliwa.

Kwa mnunuzi, funzo ni la kawaida: pale kodi inapofuata thamani ya nyumba, nyongeza ya shule unailipa mara mbili, kwenye bei na kwenye kodi kila mwaka. Iweke kwenye hesabu zako.

#12 Mama_Wawili

Hesabu zenyewe mnazifanyaje? Mimi nikiangalia tofauti ya bei nachanganyikiwa. Kuna wakati nafikiri bora tununue nyumba ya bei nafuu tumpeleke mdogo shule binafsi.

#13 Mleta uzi

Swali la maana kabisa. Nifuate polepole.

Chukua tofauti ya bei kati ya nyumba mbili zinazofanana. Zinazofanana kweli: vyumba vile vile, hali ile ile. Usilinganishe ya vyumba viwili na ya vinne. Hiyo tofauti utaikopa, kwa hiyo iongezee riba. Mkopo wa miaka 25 kwa riba ya 6% kwa mwaka, kila 100 ya ziada unayokopa utairudisha kama 193. Kwa hiyo tofauti unayoiona kwenye tangazo ni kama nusu ya ile utakayoilipa. Ongeza kodi ya kila mwaka kama ipo. Kisha punguza kile utakachorudishiwa siku ya kuuza, na hapo kuwa mkali na nafsi yako, usiweke matumaini.

Upande wa pili weka ada ya shule binafsi kwa watoto wote kwa miaka yote, pamoja na usafiri na sare, ukikumbuka ada hupanda na hela ya ada haiuziki baadaye. Mwenye mtoto mmoja mara nyingi hesabu huelekea ada. Mwenye watatu huelekea nyumba. Paris, watafiti Gabrielle Fack na Julien Grenet walikuta mwaka 2010 kwamba pale zilipo shule binafsi jirani, shule ya umma inapandisha bei ya nyumba kwa kiasi kidogo zaidi. Wazazi wenye njia nyingine hawashikani mashati kwa ajili ya anwani. Kwa hiyo ukiwa eneo lenye njia mbadala, usikubali kulipa nyongeza ya eneo lisilo nayo.

Halafu kuna kitu hakiingii kwenye karatasi. Mkopo mkubwa unakula saa. Kama ili kulipa ile nyumba lazima mmoja wenu achukue kazi ya pili, au mkae barabarani muda mrefu asubuhi na jioni, mnachukua muda wa mtoto kulipia shule ya mtoto. Dada, kwa dhati kabisa, mtoto wa miaka 4 anayesomewa kitabu na mzazi kila usiku kwenye mtaa wa kawaida simwonei huruma.

#14 Mzazi_Maalumu

Niongeze kitu ambacho hakijaguswa. Mwanangu ana usonji. Kwetu sisi ile 9 kati ya 10 haikuwa na maana yoyote. Shule iliyokuwa juu kwenye orodha ilitupokea kwa maneno ya upole na ikatuelewesha kwamba "angefurahi zaidi kwingine". Shule ya kawaida, yenye wastani wa katikati, ilikuwa na mwalimu wa elimu maalumu aliyeajiriwa kwa muda wote na chumba tulivu cha kumpumzisha kelele zikimzidi. Siku tulipokwenda kuona, mtoto mwingine alikuwa amekaa mle ndani na vifunika masikio, dakika chache akatoka mwenyewe akarudi darasani, na hakuna mwenzake aliyegeuka kumshangaa. Hapo ndipo tulipojua tununue nyumba ipi.

Mwenye mtoto wa mahitaji maalumu, uliza kwanza huduma iliyopo leo. Usikubali "tuna mpango wa". Na uliza nani anaitoa, maana huduma ikimtegemea mtu mmoja wa mkataba mfupi, mwakani haipo.

#15 MwalimuMstaafu

Mama, umenena kweli tupu, Mungu akutunzie mwanao. Shule zinazolinda wastani wao zina njia nyingi za upole za kumkataa mtoto. Niliziona. Na shule inayompokea mtoto mgumu kufundisha huadhibiwa na orodha ileile.

#16 Mkaazi

Nimesoma yote. Nimebadilika kidogo kuhusu walimu. Sasa swali la mwisho kwangu: hawa watafiti wote wanasema habari za wengi. Mtu mmoja mmoja atajuaje kabla ya kufunga mkopo wa miaka 25?

#17 Mleta uzi

Mkuu, kama mfuko na kazi vinaruhusu, panga kwanza kwenye eneo hilo kwa mwaka mmoja wa masomo, na mtoto aanze pale. Sehemu nyingi mpangaji ana haki ileile ya nafasi kama mwenye nyumba, kinachotazamwa ni makazi halisi. Ila hakikisha kwa ofisi ya elimu, maana yapo maeneo mwenye kumiliki hutangulia. Mwaka mmoja utakuonyesha mwalimu anavyojibu ujumbe wako mtoto akiugua, kikao cha wazazi kinahudhuriwa na wangapi, na mtoto wako anaamka asubuhi na uso gani.

Kama kupanga haiwezekani, simama langoni saa ya kutoka shule siku za kawaida, zaidi ya mara moja. Zungumza na wazazi wenye watoto wa darasa la juu, hao wameshaona mwalimu mkuu akibadilika. Waulize swali moja: ukiwa na malalamiko, ulimwendea nani, na nini kilifuata? Mzazi akikutajia jina la mwalimu na kilichofanyika, andika. Akikwambia tu kwamba shule ina sifa, muulize mwingine.

Mama_Wawili, ukishapata anwani za hizo nyumba mbili ziweke hapa bila namba ya nyumba, tukusaidie kuandaa maswali ya kupeleka ofisi ya elimu. Mwalimu, wewe tuandikie yale ya kumuuliza mwalimu mkuu.

#18 MwalimuMstaafu

Nayaandika usiku huu. Mama, usisahau kuniambia huyo mdogo ameanza kutambua herufi au bado, kuna swali moja linategemea hilo.